Woodstock: Jina Lililohama Mahali Pake

Tamasha la Woodstock la Agosti 1969 halikufanyika Woodstock. Lilifanyika Bethel, jimbo la New York, katika shamba la mfugaji Max Yasgur. Jina likavuma, Bethel ikasahaulika. Nashikilia kuwa urithi tunaousifu ni wa filamu kuliko wa tamasha lenyewe. Jimi Hendrix alipoucharaza wimbo wa taifa la Marekani kwa gitaa, ilikuwa Jumatatu asubuhi. Wengi katika ule umati wa takriban watu 400,000 walikuwa wameshaenda zao! Sisi tusiokuwepo ndio tuliousikia, kupitia filamu ya Michael Wadleigh ya 1970. Humo hata mvua na matope vinageuka mchezo wa vijana tu. Na ile njaa ya shambani, je?