Mzigo Uliopita Kwihara

Mwaka 1874 kilitoka London kitabu cha juzuu mbili, shajara za mwisho za David Livingstone, zilizohaririwa na kasisi Horace Waller. Wengi wetu huku Tabora tunakijua kwa kusikia tu, kwa sababu ya lile tembe la Kwihara ambalo wageni hupelekwa kulitazama. Kurasa ambazo mshirika angefaidika kuzisoma ziko mwishoni, na Livingstone hakuziandika yeye. Alikuwa amekwisha kufa. Waller alizipata kwa mdomo wa Susi na James Chuma, waliokwenda Uingereza wakakaa naye na kumsimulia.

Habari yenyewe ni hii. Mzee alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa na misheni huko India, akasoma ibada ya mazishi. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakauchukua mabegani. Walifika Kwihara mwezi wa Oktoba. Hapo walimkuta Luteni Cameron, aliyekuwa ametumwa kutoka Uingereza kumsaidia Livingstone, naye akawashauri wamzike hapo hapo. Walikataa.

Tusimdharau Cameron. Njia ya kwenda pwani ilikuwa ya hatari, Unyanyembe ilikuwa imesumbuliwa na vita vya Mirambo, na udongo wa Kwihara ni udongo wa Mungu kama ulivyo wa London. Kwa kipimo cha mahubiri yetu mengi ya msibani, Cameron ndiye aliyesema sawasawa. Mara ngapi tumesimama mbele ya jeneza tukaambiwa kwamba hili ni ganda tu, mwenyewe hayupo, basi tusihangaike? Maneno hayo hutuliza, lakini sidhani kwamba ni tumaini la Kikristo. Paulo, katika sura ya 15 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anaufananisha mwili na mbegu. Ganda hutupwa, mbegu hakuna mkulima anayeitupa. Walioukatalia ushauri wa Luteni walikuwa karibu zaidi na Paulo kuliko mhubiri wa ganda.

Je, walijua hivyo? Waller anawasifu sana, lakini sifa zake ni za aina moja: utumishi mwaminifu. Hapo ndipo kitabu kinaponipungukia. Mtumishi humtii bwana aliye hai, anayeweza kulipa na kukaripia. Huyu hakuweza tena lolote. Mtu anaweza kusema kwamba walihitaji ushahidi, wasije wakashtakiwa pwani kwamba walimtupa porini au walimuua. Hoja hiyo ina uzito, wala siipuuzi. Lakini walikuwa pia na shajara zake na vyombo vyake, na huko Kwihara walikuwapo Wazungu ambao wangeweza kuushuhudia mwili kwa macho yao na kuandika barua. Woga ungeweza kuishia hapo, na mzigo ukaishia hapo.

Jambo linalonishika zaidi ni kwamba Susi hakuwa Mkristo wakati ule. Alibatizwa mwaka 1886, miaka 13 baada ya Chitambo. Sisi tumezoea kuyapanga yale matatu kama ngazi: kwanza uamini, kisha utumaini, mwishowe upende. Hapa mpangilio umegeuka. Upendo ulitangulia ukabeba mzigo zaidi ya kilomita 1,500 kwa miezi tisa hivi, na ubatizo ukafuata baadaye sana. Sitaki kumbatiza Susi kabla ya siku yake. Nasema tu kwamba Paulo alipolitaja lililo kuu kati ya yale matatu, hakutaja la kwanza kwenye orodha.

Mashariki ya Tabora, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite. Wasafiri wakajifanya wamekubali kuirudisha Unyanyembe ikazikwe. Walifunga mabua ya mtama kwa nguo mfano wa maiti, wakawatuma watu sita kurudi nayo, nao walipofika porini wakayatawanya mabua. Mwili wenyewe ulifungwa upya ukawa mtumba, kama mitumba yote ya nguo iliyopita njia hii kila mwaka mabegani mwa Wanyamwezi. (Siku hizi tukisema mitumba tunafikiria mashati ya sokoni.) Katika njia ambayo watu walihesabiwa pamoja na mizigo, hawa waligeuza hesabu: mzigo mmoja ulikuwa mtu. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Huko London daktari aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka 30 hivi nyuma. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka Tomaso, na Bwana aliyefufuka akiwa bado na makovu yake.

Lakini kuna wanawake wawili. Walikufa kwa ugonjwa mwanzoni mwa msafara huo, na kitabu kinawataja kwa kifupi kisha kinasonga mbele. Mwili mmoja ulivuka bahari. Yao ilibaki njiani. Pamoja nao hesabu wapagazi walioanguka na meno ya tembo mabegani, na watumwa walioachwa walipoishiwa nguvu. Jacob Wainwright mwenyewe, aliyekuwa miongoni mwa waliolishika jeneza Westminster tarehe 18 Aprili 1874, alifia Urambo mwaka 1892. Miaka sita baadaye Wamoraviani walipokea kazi ya misheni hapo.

Wamoraviani hao walikuja na desturi ambayo naiona kuwa jibu zuri kwa kitabu cha Waller kuliko hoja yoyote. Kule Herrnhut tangu mwaka 1732 washirika huenda makaburini alfajiri ya Pasaka, na mawe ya makaburi yao yamelazwa chini, yote sawa, tajiri na mjakazi. Alfajiri tunayo bado. Usawa tunaanza kuupoteza: siku hizi kuna makaburi yenye vigae na paa, na jirani yake tuta la udongo ambalo mvua mbili zitalifuta.

Wanawake wale wawili hawana kaburi tunaloweza kulizunguka. Pasaka ijayo, orodha ya waliolala itakaposomwa, ningependa mzee anayesoma anyamaze kidogo kabla ya kuikunja karatasi, kwa ajili ya hao ambao njia hii iliwameza bila majina.