Ajenda Namba Nne

Mtendaji mzuri wa kata hana pupa ya kalamu. Mjumbe anasimama, anasalimia kikao, anatoa pole kwa msiba wa wiki iliyopita, anakumbusha ahadi za uchaguzi, anampongeza mwenyekiti, kisha katikati ya maelezo marefu analigusa jambo lililomtoa nyumbani: kizimba cha taka kando ya soko kimefurika, na gari la kuzoa halijaonekana. Hapo ndipo kalamu inaposhuka kwenye karatasi. Mstari mmoja unatosha. Mjumbe anaendelea kunena, mtendaji anaendelea kumtazama kwa adabu, lakini lililo la msingi limekwisha kuandikwa.

Napenda kuitazama kazi hii. Katika serikali zetu za mitaa sifa huwaendea wasemaji: diwani aliyewaka barazani, mwenyekiti aliyetikisa mkutano wa hadhara. Mwandishi wa kikao hukaa pembeni ya meza kuu, na akiifanya kazi yake vizuri hakuna anayemtaja. Nataka kumtaja, kwa sababu naamini kwamba mambo ya mji mdogo huenda sawa au hulegea kulingana na namna vikao vyake vinavyoandikwa.

Tuchukue miji kama Makambako, Korogwe, Babati au Masasi, ambayo kila mmoja una Halmashauri ya Mji, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982. Ngazi ya chini ni mtaa, wenye mwenyekiti aliyechaguliwa na wakazi na mtendaji aliyeajiriwa. Juu yake ni kata, ambako Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na diwani, na mtendaji wa kata huwa katibu. Juu zaidi ziko kamati za kudumu na Baraza la Madiwani lenyewe, ambalo katibu wake ni mkurugenzi. Utaratibu ni ule ule kila ngazi: aliyechaguliwa anaongoza kikao, aliyeajiriwa anakiandika.

Na ajenda zinafanana nchi nzima. Kufungua kikao. Kuthibitisha ajenda. Kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Yatokanayo. Taarifa za utekelezaji, pamoja na mapato na matumizi. Mengineyo. Kufunga kikao. Mgeni akiusoma mpangilio huu ataona ukavu mtupu. Aliyezoea vikao anajua kwamba uzito umo katika namba nne. Kwenye yatokanayo kila azimio la kikao kilichopita linaitwa kwa zamu, na aliyekabidhiwa anajibu mbele ya wenzake: limetekelezwa, linaendelea, au limekwama, na limekwamia wapi. Kikao kinachoruka hapo ili kiwahi mengineyo kimejinyima meno. Wajumbe wake watarudi baada ya miezi mitatu kulalamikia kizimba kile kile, kwa maneno yale yale, na wataondoka wakidhani wamefanya kazi.

Lakini yatokanayo haiwezi kuwa na nguvu kuliko azimio lilivyoandikwa, na hapa ndipo ufundi unapopimwa. Mwandishi anayetaka kumaliza upesi ataandika: "Kikao kiliagiza suala la taka lishughulikiwe haraka." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na inasomeka kama agizo kali. Ila lishughulikiwe na nani? Na haraka ni lini? Kitenzi cha kutendwa kimemficha mtendaji wa jambo, na neno "haraka" limeificha tarehe. Mwenyekiti akiuliza kikao kijacho, kila mtu atamtazama mwenzake, na hakuna atakayekuwa amedanganya.

Mwandishi fundi ataandika: "Kikao kiliazimia kuwa Bwana Afya wa Kata akutane na uongozi wa soko, wapange siku za kuzoa taka, na aibandike ratiba hiyo sokoni kabla ya tarehe 15 ya mwezi ujao. Ataleta taarifa katika kikao kinachofuata." Kuna mtu, kuna kazi, kuna siku, kuna mahali pa kujibia. Azimio la namna hiyo linaweza kuitwa kwenye namba nne likaitika.

Ili aandike hivyo, kikao chenyewe lazima kiwe kimeamua hivyo, kwa maana katibu hana ruhusa ya kutunga maamuzi. Ndiyo maana watendaji hodari wana swali moja wanalolitumia kwa upole mjadala unapoelekea kufungwa. Mtendaji anainamia upande wa meza kuu na kusema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba tuliweke sawa kabla hatujaendelea. Nani analifuatilia hili, na lini?" Mara nyingi ukumbi hunyamaza. Kumbe watu wamejadili kwa saa nzima, wamekubaliana kwamba hali ni mbaya, na hawajakubaliana jambo lolote la kufanya. Swali la mwandishi linawarudisha kazini. Ninapomwona mtendaji akiliuliza bila kumwaibisha mtu, bila kujionyesha kwamba ana akili kuliko wajumbe, najua niko mbele ya mtu anayeijua kazi yake.

Ujuzi mwingine ni kujua mipaka ya ngazi yake. Kizimba cha taka kina sehemu ambayo kata inaiweza: kupanga siku, kuwakutanisha wafanyabiashara, kusimamia usafi. Kina pia sehemu ambayo kata haiiwezi, kama kununua gari jingine au kupata eneo jipya la dampo. Hilo litapanda kwenda halmashauri, lipite kwenye kamati, lishindanie nafasi katika bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Mtendaji mzuri huzitenga sehemu hizo mbili. Ya kwanza anaiandika kama azimio la kata. Ya pili anaiandika kama pendekezo kwenda juu, lenye sababu na hesabu iliyopatikana, ili atakayelisoma ofisini mjini asilazimike kupiga simu kuuliza lina maana gani. Vivyo hivyo barabara ya mtaa iliyochimbika: tangu 2017 kazi hiyo iko kwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Kuandika kwamba "kata itachonga barabara" ni kuwapa watu ahadi ambayo kata haina namna ya kuitimiza. Kuandika kwamba diwani atawasilisha hoja hiyo TARURA na kurudisha majibu ni kuwapa watu njia ya kufuatilia.

Kisha kuna joto la vikao. Watu wa mji mdogo wanajuana. Mjumbe anayedai risiti za ushuru wa soko amesoma darasa moja na anayeshika kitabu cha risiti, na wake zao wako kikundi kimoja cha kusaidiana. Hasira ikipanda, maneno ya nyumbani huingia kikaoni. Mwandishi asiyekomaa ataandika kila tusi, akidhani ndio uaminifu. Mwingine atafuta ugomvi wote na kuandika kwamba "wajumbe walijadili kwa kina", akidhani ndiyo busara. Wote wawili wamekosea kipimo. Fundi anaiacha hoja na kuyaondoa matusi: "Mjumbe alihoji kwa nini makusanyo ya miezi miwili hayajasomwa. Mtunza risiti alieleza kwamba vitabu viko ofisi ya mhasibu. Kikao kilimtaka mhasibu alete maelezo ya maandishi." Miaka kumi baadaye atakayesoma ataelewa kwamba palikuwa na shaka kuhusu fedha, nani aliitoa na ilijibiwaje. Hatajua nani alimwita mwenzake mwizi, na hahitaji kujua.

Mwenyekiti naye ana ufundi wake, na mihtasari mizuri humtegemea. Yule anayejua kazi humwachia mzee amalize kisa chake, kisha anakifupisha kwa sentensi mbili na kumuuliza kama amemwelewa vema. Anamwona mama aliyekaa karibu na mlango ambaye ameinua mkono mara mbili na kuushusha, naye anamwita kwa jina. Sheria imehakikisha kwamba katika mabaraza ya madiwani wapo wanawake wa viti maalumu, lakini kuwapo ni jambo moja na kusikika ni jambo jingine, na tofauti hiyo inaamuliwa na anayegawa nafasi ya kuchangia. Mwandishi anayeandika hoja ya mama yule kwa ukamilifu ule ule anaoutumia kwa hoja ya mheshimiwa ameifanya sheria ifanye kazi.

Hata orodha ya mahudhurio ina thamani ambayo wengi hawaioni. Waliohudhuria, wasiohudhuria kwa taarifa, wasiohudhuria bila taarifa, waalikwa. Jina, cheo, sahihi. Wajumbe huisaini kwa haraka wakiwaza chai. Lakini miji yetu mingi midogo imekua kwa kuvimeza vijiji, na asili ya viwanja vingi imo katika mafaili ya halmashauri za vijiji hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla ya kupata idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mgogoro ukizuka baadaye, swali linakuwa jepesi na zito kwa pamoja: mkutano ulikaa? Nani alikuwapo? Uliridhia nini? Familia inaweza kubaki kwenye shamba lake au kulikosa kwa sababu ya karatasi moja iliyoandikwa, au isiyoandikwa, na mtendaji aliyekwisha kustaafu.

Ndiyo sababu ninaipenda pia ajenda namba tatu, ile ya kuthibitisha muhtasari. Katibu anausoma ukurasa baada ya ukurasa, na wajumbe wanasahihisha: ukurasa wa tatu, panaposomeka "mtaro" pasomeke "kizimba", jina la mjumbe fulani limerukwa, kiasi kilichotajwa kilikuwa cha mwezi mmoja wala si miwili. Masahihisho yanaandikwa, mwenyekiti na katibu wanatia sahihi na tarehe. Mtu mwenye haraka huona wanapoteza muda. Kumbe hiyo ndiyo saa ambayo maneno ya mwandishi mmoja yanageuka kuwa neno la kikao kizima. Mtendaji fundi hachukii kusahihishwa. Anajua muhtasari uliopitishwa bila mtu kuusikiliza hautamlinda siku ya ukaguzi.

Siku hizi wapo wanaosema simu inaweza kurekodi kikao chote, kwa hiyo muhtasari wa nini? Rekodi ina faida yake pale wajumbe wanapobishana juu ya nani alisema nini. Lakini hakuna bwana afya atakayesikiliza saa tatu za sauti ili aijue kazi yake, wala mkazi atakayesimama mbele ya ubao wa matangazo kuisikiliza. Kazi ya muhtasari ni kuchagua, na kuchagua kwa haki kunahitaji mtu.

Nchi hii iliwahi kuonja hali ya kukosa vikao hivi. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, na mamlaka yakahamishiwa kwa watumishi wa serikali kuu mikoani na wilayani. Huduma za miji zikadorora, hata mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa. Sheria za 1982 zikaujenga upya mfumo mzima, ulioanza kazi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzifuta serikali za mitaa ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia. Halmashauri zilipovunjwa, miji ilipoteza madiwani wake, na pia ilipoteza mahali pa kuuliza kwa utaratibu lile tuliloagiza mara ya mwisho limefika wapi.

Na viongozi hubadilika. Uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 uliwaingiza wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji kwa kipindi cha miaka mitano. Watendaji nao huhamishwa kata hadi kata. Anayeingia hapewi kumbukumbu za kichwani za aliyetoka. Anakabidhiwa muhuri, samani chache na mafaili. Kama mafaili yana maazimio yenye majina na tarehe, mwenyekiti mpya anaweza kuanza kazi wiki ile ile. Kama yana "lishughulikiwe" tupu, mji unaanza upya, na wananchi wanachangishwa tena kwa jambo walilokwisha kulichangia.

Kwa hiyo ningependa tuuthamini ufundi huu kwa vitendo. Mtendaji mpya afundishwe kuandika azimio kwa kukaa pembeni ya mkongwe na kulinganisha mihtasari yao, si kwa kukabidhiwa fomu tu. Ofisi ya mtaa iwe na kabati linalofungwa, lisilovujiwa na mvua. Na sisi wakazi tuhudhurie mikutano, tena tukihudhuria tuulize mapema: mara ya mwisho tulikubaliana nini, na nani alikabidhiwa? Swali hilo likizoeleka, mtendaji hodari atajua kwamba kazi yake inasomwa, na mzembe hatakuwa na njia ila kujifunza kuandika majina na tarehe.