Simba Ana Jina, Mborana Hana

Born Free ya Joy Adamson, iliyotoka mwaka 1960, inaanzia kwenye msiba. Mwaka 1956, kaskazini mwa Kenya, simba mla watu amemuua Mborana mmoja, na George Adamson anatumwa kumwinda. Anampiga risasi simba jike, kumbe ana watoto watatu. Basi, kuanzia hapo kitabu ni cha watoto wale, hasa Elsa. Marehemu ndiyo kaishia hapo.

Nilikisoma Elsamere, nyumba ya akina Adamson kando ya Ziwa Naivasha, siku hizi makumbusho inayolaza wageni, nikiwa likizo na marafiki wanne. Saa kumi chai na keki bustanini, mbega juu ya miti. Usiku hutoki ovyo, viboko wanapanda kula majani. Wenzangu, watoto wa mjini, walimlilia Elsa. Mimi kwetu Msowero, Kilosa, upande huu wa Mikumi. Kule mnyama wa porini hapewi jina, anatolewa taarifa: kaonekana wapi, kaingia shamba la nani.

Kitabu si kibaya, tena kina kurasa tamu sana. Joy anapotulia akatazama tu, Elsa akijifunza kuwinda, akiondoka na kurudi, hana mpinzani. Ni jicho la mchoraji. Na hapo ndipo ninapokwama: mama huyu alichora picha za mamia ya watu wa makabila ya Kenya, mmoja mmoja, shanga kwa shanga. Iweje kalamu yake iwapite watu haraka hivyo?

Mchukue Nuru, mtunza bustani aliyekabidhiwa kuwalea wale watoto wa simba. Jina analo, sawa, hata Makedde, askari wa wanyamapori, analo. Ila Nuru namwona akiwa na simba tu. Akiachana nao, anatoka kwenye ukurasa.

Rafiki yangu mmoja akanikatisha: “Ni kitabu cha simba bwana, we unataka nini?” Hoja nzito. Lakini si mimi niliyeamua kianze na mtu aliyeliwa. Ukishaniwekea maiti mlangoni, nitauliza ni ya nani. Na nitauliza pia, jioni ile ya kwanza Nuru aliporudi kwa wenzake akinuka simba, aliwasimulia nini.