Jamani, Bustani ya Nyumbani Mvua Ikinyesha!

Weee, acha hicho unachofanya unisikilize! Ndiyo kwanza natoka bustanini, nguo zimelowa chapachapa, kucha zimejaa udongo, na siwezi kutulia hata kidogo. Masika ya Dar tunayalaani kwa foleni na madimbwi, tunafunga madirisha, tunajikunyata ndani, kumbe raha yote iko hapo hapo nyuma ya jiko, tena bure!

Kwanza harufu. Matone ya mwanzo yakigusa ardhi iliyokauka, kitu kizito, kitamu, kinakupanda puani mpaka kifuani. Sasa pitisha mkono kwenye mchaichai uliolowa, halafu kwenye mrehani, halafu nusa hivyo vidole. Aisee! Na bado!

Nenda kwenye magimbi. Nakuomba, nenda! Lile jani pana halilowi kabisa. Maji yanajikusanya katikati, tone moja nene, la duara, linang'aa, linatetema. Inamisha jani kidogo tu: linabingirika huku, linabingirika kule, linachupa chini, na jani limebaki kavu! Nimelichezea hilo mpaka nyumbani wameanza kuniita.

Na wenyeji wenyewe je? Konokono mkubwa, yule aliyejiziba ndani ya gamba lake kiangazi chote, katoka! Mweke kiganjani: wa baridi, mtelezi, mzito ajabu. Gusa kidogo sana zile pembe ndefu zenye macho nchani, zinazama ndani fyu, kisha polepole, kwa wasiwasi, zinachungulia tena. Nilicheka peke yangu! (Ukimrudisha, nawa kwa sabuni.) Jongoo naye anapita, mweusi, anameremeta, miguu inakwenda wimbi baada ya wimbi, na bado!

Juu huko ndiyo balaa. Ndege shore wanajipangusa kwenye majani ya mwembe yaliyolowa, wanaoga kwa fujo na kelele. Mvua ikipungua tu, chozi huyo, kadogo, kana haraka, kametumbukiza mdomo uliopinda kwenye ua la mgomba. Na dudumizi! Wazee wa Pwani husema akilia, mvua i njiani. Sauti yake inashuka du-du-du-du kama maji yanayomiminika kutoka mtungi wa shingo nyembamba. Mwili unasisimka!

Subiri jioni sasa. Kumbikumbi! Mchwa wenye mbawa wanafumuka kutoka ardhini kutafuta wenza, wanaizonga taa, wanadondosha mbawa, na mijusi ukutani wanakula mpaka wanashindwa kutembea. Kuku nao hawalali!

Huna uwanja? Panda gimbi kwenye ndoo, weka mlangoni, yatosha. Radi zikipiga, kaa ndani. Zikinyamaza kabisa, toka, usisubiri mvua ikatike! Haya, mimi narudi huko, kuna chura anaimba nyuma ya pipa na sijamwona bado…