Popo, Handaki na Kilima cha Lengeler: Kosa Moja la Vennbahn

Njia ya baiskeli ya Vennbahn, ambayo huanzia Aachen nchini Ujerumani, hukata misitu na mabonde ya mashariki mwa Ubelgiji na kuishia Troisvierges kaskazini mwa Luxemburg baada ya kilomita 125, imesifiwa kiasi kwamba kuikosoa kunaonekana utovu wa adabu. Hata hivyo, waliofika mwisho wake, au waliotazama filamu za safari hiyo hadi dakika za mwisho, wanajua kwamba sifa hizo zinafikia kikomo karibu na kijiji cha Lengeler, kwenye mpaka wa Ubelgiji na Luxemburg, ambako reli kongwe inaingia katika handaki la karibu mita 800 na baiskeli inazuiwa kuifuata. Waliopanga njia hiyo waliamua kwamba handaki libaki kuwa makazi ya popo mwaka mzima, na kwamba mwendesha baiskeli apandishwe juu ya kilima kilekile ambacho handaki lilichimbwa ili kikwepwe. Huo ulikuwa uamuzi mbaya, na ubaya wake hautokani na kuwajali popo, bali na kudhani kwamba kuwajali popo kulihitaji gharama hiyo.

Uzito wa kosa hili hauonekani mpaka ikumbukwe kwa nini njia za baiskeli zilizojengwa juu ya reli zilizoachwa zinapendwa katika nchi za vilima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo sana, kwa hiyo garimoshi la miaka ya 1880, wakati Vennbahn ilipojengwa, lilishindwa na mlima ambao mkokoteni wa ng'ombe uliupanda kila siku. Wahandisi wa Prussia walilazimika kukata vilima, kujaza mabonde kwa matuta na kuzungusha reli kandokando ya miteremko, ili mwinuko, yaani kiasi cha kupanda kwa kila mita 100 za kwenda mbele, usizidi sana mita 2. Mwendesha baiskeli wa utalii, ambaye hubeba hema, nguo na chakula katika mikoba ya pembeni, amerithi jasho la wahandisi hao bila kulipa chochote. Kutoka Aachen anapanda hadi karibu mita 550 juu ya usawa wa bahari, katika nyanda za majimaji na misitu ya misonobari ziitwazo Hautes Fagnes, na anaweza kufika huko akiwa bado anazungumza na mwenzake.

Njia ya namna hii hupimwa kwa sehemu yake ngumu kuliko zote, wala si kwa wastani wa mwinuko wake. Mlima mmoja mkali ndio unaoamua idadi ya gia zinazohitajika, uzito wa mizigo unaovumilika, na zaidi ya yote nani awemo katika msafara: mtoto wa miaka tisa, mzee mwenye goti bovu, au mtu anayeendesha baiskeli ya kusukuma kwa mikono kwa sababu miguu yake haina nguvu. Kilomita 124 za tambarare zikifuatwa na kilomita moja ya kilima hazifanyi njia iliyo tambarare karibu yote. Zinafanya njia yenye kilima, na msafiri aliyeahidiwa vingine anakigundua akiwa mbali na nyumbani.

Mahali penyewe panaongeza uchungu. Baada ya St. Vith njia inashuka na kufuata mabonde kuelekea Reuland, na msafiri anayetoka Aachen anakuwa ameshapita zaidi ya kilomita 100, huku miguu yake imekwisha kuizoea lugha ya reli, lugha ya mwinuko usiobadilika na kona pana zisizomshtua mtu. Kisha, pasipo sababu yoyote ya kijiografia, kibao kinamwondoa kwenye tuta na kumwelekeza juu, hali kilima kimekwisha kutobolewa chini yake tangu 1889. Anapanda, anashuka, anaikuta reli ileile ikimsubiri upande wa pili, na kutoka hapo Troisvierges haiko mbali. Hakuna sehemu nyingine ya Vennbahn ambako jambo bora la wahenga lipo, limesimama, na likakataliwa.

Hoja ya popo inastahili kusikilizwa kwa haki, kwani wanaoipuuza huwa hawajaisoma. Popo wengi wa Ulaya hulala usingizi mzito wa majira ya baridi, takriban kuanzia Novemba hadi Machi, katika mapango na mahandaki yenye ubaridi na unyevu usiobadilika, ambamo joto la mwili hushuka na mnyama huishi kwa mafuta aliyojiwekea wakati wa wadudu wengi. Kila anapoamshwa hutumia sehemu ya akiba hiyo, na akiamshwa mara nyingi hufa kabla ya wadudu kurudi. Kwa sababu hiyo, agizo la Umoja wa Ulaya la 1992 kuhusu makazi ya viumbe linalinda aina zote za popo barani humo, na hakuna mhandisi mwenye akili timamu anayepaswa kutamani vinginevyo.

Lakini hoja hiyo inathibitisha kufungwa kwa handaki wakati wa baridi. Haithibitishi kufungwa kwake mwezi Julai saa sita mchana. Majike wenye watoto wakati huo hutafuta mahali penye joto, kama vile dari za nyumba na matundu ya miti, na hata aina zinazokusanyika midomoni mwa mahandaki mwishoni mwa kiangazi hufanya hivyo usiku, wakati ambapo msafiri wa baiskeli ameshalala katika hema lake. Mgongano kati ya popo na baiskeli ni mgongano wa ratiba, na ratiba hupangika.

Wala haihitajiki nadharia kulithibitisha hilo. Katika vilima vya Rhön nchini Ujerumani, chini ya agizo lilelile la 1992, njia ya Milseburg ilifunguliwa mwaka 2003, miaka kumi kabla ya Vennbahn kuzinduliwa, ikipita ndani ya handaki la mita 1,172. Handaki hilo hufungwa kila mwaka kuanzia Novemba hadi katikati ya Aprili ili popo walale, na wasafiri wa wakati huo huelekezwa juu ya mlima. Wakati uliobaki, popo na baiskeli hawakutani kiasi cha kudhuriana. Katika bonde la mto Wye, mpakani mwa Uingereza na Wales, handaki la Tidenham, lenye zaidi ya kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2021 kwa masharti makali zaidi: hufungwa Oktoba hadi Machi, na hata katika miezi iliyobaki milango hufungwa nusu saa kabla ya jua kuzama. Hata Marekani, ambako sababu si popo bali barafu inayopasua kuta, handaki la Big Savage kwenye njia ya Great Allegheny Passage hufungwa kila kipupwe, na hakuna anayelalamika. Wapangaji wa Vennbahn walikuwa na mfano wa Milseburg mbele ya macho yao, nao ni wa handaki refu kuliko lao.

Hutolewa udhuru mwingine, kwamba siku hizi baiskeli zina mota za umeme na kilima hakimsumbui mtu. Udhuru huu umeenea kila mahali kama mba. Njia ikijengwa kwa kutegemea betri ya msafiri, basi hakukuwa na haja ya reli kongwe tangu mwanzo. Barabara yoyote ya mlimani ingetosha.

Inafaa kumkumbuka John Grimshaw na wenzake wa Bristol, nchini Uingereza, ambao kati ya 1979 na 1986 waliigeuza reli ya kwenda Bath kuwa njia ya miguu na baiskeli, kwa sehemu kubwa kwa mikono ya watu waliojitolea. Walipofika kwenye handaki la Staple Hill, lenye mita 471, hawakuchora mchepuko juu ya kilima. Waliliweka ndani ya njia, nalo linatumika hadi leo. Kizazi kile kilikuwa na fedha kidogo kuliko wapangaji wa sasa, lakini kilifahamu kwamba mhandisi wa reli ameshaifanya kazi ngumu, na kwamba warithi wake wana wajibu mmoja tu, wa kutoikata. Jiji hilohilo la Bath lilifungulia baiskeli mwaka 2013, mwaka wa kuzinduliwa kwa Vennbahn, handaki la Combe Down la mita 1,672, urefu ulio mara mbili ya lile la Lengeler.

Mengine ya Vennbahn ni mema na hayahitaji maneno mengi: lami ni nzuri, makutano ya barabara yanaonekana mapema, na vibao vinasomeka. Mfumo wa namba za makutano unaotumika sehemu hizo ulibuniwa na Hugo Bollen, mhandisi wa migodi wa Limburg, mwaka 1995, na bado haujapata mshindani. Vizuizi vya vyuma, ambavyo ukaguzi wa 2018 wa mtandao wa taifa wa njia za baiskeli wa Uingereza ulivihesabu kuwa zaidi ya 16,000, hapa havijaruhusiwa kutawala. Ardhi ya reli hiyo imebaki kuwa ya Ubelgiji hata inapopita kati ya vijiji vya Wajerumani, kwa kuwa mkataba wa Versailles, uleule ulioinyang'anya Ujerumani Tanganyika pamoja na Rwanda na Burundi, ulifungua mlango wa reli hiyo kukabidhiwa Ubelgiji.

Kulirekebisha kosa la Lengeler hakuhitaji uvumbuzi. Panahitajika milango miwili yenye nafasi ya popo kupita kwa juu, taa hafifu za upande mmoja na za chini ili dari libaki gizani, mifereji ya kuondoa maji, na kalenda inayofunga handaki kuanzia Oktoba hadi Machi, na kila jioni kabla ya magharibi. Kipande cha juu ya kilima kisifutwe, kwani ndicho kitakachowabeba wasafiri wa baridi, pamoja na wale wanaopenda kupanda. Kibao cha Lengeler kibadilishwe kiwe na mishale miwili, mmoja wa msimu na mwingine wa mwaka mzima, na umbali na mwinuko wa kila upande uandikwe chini yake kwa lugha tatu za eneo hilo.