Mgonjwa Kupoa Mezani Katika Joto la Kindu

Kindu iko kusini kidogo tu ya ikweta, kando ya mto Lualaba, na mpasuaji hutoka jasho ndani ya gauni lake. Mezani mbele yake, mgonjwa anaweza kuwa anapoa. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 36, hiyo ni haipothemia, na kinachoileta zaidi ni nusu kaputi, si hali ya hewa.

Mwili ulio macho hubana mishipa ya mikono na miguu ili joto libaki kifuani na tumboni. Dawa ya usingizi huilegeza mishipa hiyo, damu ya moto ikakimbilia miguuni, na ndani ya saa ya kwanza joto la ndani huanguka kwa nyuzi 1 hadi 1.5. Sehemu kubwa ya joto hilo bado imo mwilini, imehama tu. Ganzi ya mgongoni hufanya vivyo hivyo kuanzia kiunoni kwenda chini, kiasi kwamba mama anayezalishwa kwa upasuaji anaweza kupoa bila kuhisi baridi.

Kuzuia hilo hutumika mashine ya kupuliza hewa ya moto. Ilibuniwa na Scott Augustine, daktari wa nusu kaputi wa Minnesota, Marekani, ikaingia sokoni miaka ya 1980. Feni husukuma hewa iliyochujwa na kupashwa kwa umeme hadi kwenye blanketi jepesi lenye vitundu upande wa mgonjwa. Bomba likichomekwa chini ya shuka bila blanketi hilo, mgonjwa anaweza kuungua.

Mwaka 1996 watafiti Kurz, Sessler na Lenhardt walitoa matokeo ya wagonjwa 200 wa upasuaji wa utumbo mpana nchini Austria. Ujanja wao naupenda: feni iliwashwa kwa wote, ila kundi moja lilipuliziwa hewa ya moto na kupewa serumu iliyopashwa, na jingine hewa ya kawaida ya chumba. Upasuaji ulipokwisha, la kwanza lilikuwa na nyuzi 36.6, la pili 34.7. Vidonda vilipata maambukizi kwa asilimia 6 dhidi ya 19.

Mwaka 2022 Sessler na wenzake wa China walilinganisha nyuzi 37 na 35.5 kwa wagonjwa zaidi ya 5,000, wasione tofauti ya maana katika matokeo. Kwa Kindu hiyo ni nafuu kubwa: hatuna haja ya kuikimbiza 37, tunazuia tu kuteremka hadi 34.

Mashine hula umeme mwingi, na blanketi zake hutengenezwa zitumike mara moja. Jenereta ikiwa ndogo, oksijeni, taa na mashine ya kufyonza zitangulie. Tena joto la Kindu lina faida yake: mgonjwa aliyelala wodini akiwa amefunikwa, miguu yake tayari ina joto, hivyo la kifuani halina pa kukimbilia kwa kasi. Hasara ni kumwingiza mapema kwenye chumba chenye kiyoyozi angoje nusu uchi. Damu ya friji nayo ipashwe kwa kifaa chake. Chupa moja ya nyuzi 4 humshusha mtu mzima kwa karibu robo ya nyuzi.

Nikiulizwa kinunuliwe nini kwanza, nitataja kipimajoto cha kubaki na mgonjwa muda wote wa upasuaji. Bila hicho, hata mashine ikinguruma hakuna ajuaye kama inamsaidia.