Sakafu ya Mnyanyua Vyuma

Mtu aazimiaye kunyanyua vyuma nyumbani kwake aghalabu humaliza fedha na fikira zake zote katika vyuma vyenyewe, na sakafu huikumbuka siku ile marumaru ya kwanza inapopasuka. Katika chumba ninachokichambua hapa, kilichomo katika nyumba isiyo ghorofa mjini Tanga, mwenye nyumba alitenda kinyume cha hayo, akaanza chini ndipo akapanda juu; na kazi yake, ingawa haikukosa kasoro, yastahili kutazamwa kwa makini, maana alitambua mapema kwamba sakafu ya namna hii hudaiwa sifa mbili zinazopingana. Chuma kiangukacho chataka mahali laini pa kukipokea, ilhali mguu wa mnyanyuaji wataka mahali pagumu pa kusimama, kwa kuwa mtu aliyebeba mzigo juu ya kichwa, akikanyaga kitu kinachobonyea, hana amani na vifundo vya miguu wala magoti yake.

Ugumu wa jambo lenyewe hudhihirika katika hesabu. Mzigo wa kilo 100, ukiachiwa kutoka kimo cha mita 2, hufika chini kwa mwendo wa zaidi kidogo ya mita 6 kwa sekunde, na mwendo huo sharti ukome. Suala ni kwamba utakoma katika masafa gani. Ukikoma ndani ya milimita 2, kama inavyoweza kuwa chuma kitupu kinapoigonga saruji tupu, nguvu ya pigo kwa wastani hufikia takriban mara 1,000 ya uzani wa mzigo. Ukikoma ndani ya milimita 20, hushuka hadi takriban mara 100. Mzigo ni ule ule, na kimo ni kile kile. Fauka ya hayo, saruji, ambayo huvumilia sana kukandamizwa, ni dhaifu mno inapovutwa au kupindwa, na marumaru iliyobandikwa juu ya plasta yenye uvungu hupinda kabla ya kupasuka. Kwa hiyo bwana huyu alipita chumba kizima akigonga kila kipande kwa mpini wa nyundo, na kila palipotoa mlio wa uvungu alipang'oa, akapajaza upya. Naiona hiyo kuwa kazi bora kuliko zote alizozifanya, na haikumgharimu ila jasho na mfuko wa saruji.

Mikeka ya sponji inayounganishwa kwa meno, ambayo wauzaji huisifu kwa rangi zake, aliikataa bila ya kusitasita, na alikuwa na haki: hubonyea chini ya mguu, na ikishabonyezwa na kitu kizito muda mrefu hairudi ilivyokuwa. Zulia halistahili mjadala. Huko Marekani wanyanyuaji wa nyumbani wameazima dawa kutoka katika mabanda ya farasi, yaani mapande ya mpira yenye unene wa milimita 19 hivi, futi 4 kwa 6, mazito kiasi cha kilo 45, ambayo kwa uzito wake hutulia mahali pake bila ya gundi. Yeye hakuyapata, akanunua mkanda mkuukuu wa mpira uliokuwa ukibebea mizigo kiwandani, akaukata na kuulaza mara mbili ili kufikia milimita 18. Hapa ndipo penye kasoro niliyoitaja, kwani mkanda wa namna hiyo una matabaka ya nguo ndani yake, hudumu miaka mingi, lakini ni mkavu na hauminyiki kama mpira mtupu. Maadamu sahani zake ni za chuma, si za mpira, ningemshauri aongeze tabaka la tatu, hata kama ingempasa kuinua na ubao wa katikati.

Ubao huo ndio jawabu la ule mgongano wa sifa mbili. Alilaza mbao mbili za plaiwudi, kila moja mita 1.22 kwa 2.44 na unene wa milimita 18, zikafanya mraba. Juu yake akalaza mbili nyingine zikielekea upande wa pili, ili maungio yasikutane na pigo litawanyike katika eneo pana. Na tabaka la juu kabisa akaligawa, ubao mmoja katikati kwa ajili ya miguu, na mpira pande mbili kwa ajili ya vyuma. Mgawanyo huu si wa kubahatisha: katika chuma kirefu cha mashindano, nafasi baina ya sahani za kushoto na za kulia ni mita 1.31, na ubao una upana wa mita 1.22, basi sahani huanguka juu ya mpira, ukingo wake ukiwa sentimita 4 na nusu tu nje ya ubao. Alifunga kwa skrubu, kwa sababu misumari hupanda juu kwa vishindo, nazo skrubu zilikuwa fupi kuliko unene wa mbao zilizofungwa, zisije zikaigusa marumaru.

Pwani ina maadui wawili wasiojali hesabu zetu: unyevu na mchwa. Jamvi lililomwagwa bila ya nailoni chini yake hupandisha unyevu kutoka ardhini, na mpira juu yake huuzuia usitoke, hata ubao ukaota ukungu. Kwa hiyo alitandika nailoni nzito kwanza, akazipaka mbao dawa ya mchwa, hususa kingo zake, na akaacha nafasi ya vidole vitatu kutoka ukutani ili apate kuchungulia.

Wakaao ghorofani wasiige kazi hii wakidhani kwamba jirani wa chini atalala: mpira huilinda marumaru na hupunguza mlio, lakini mtikisiko hupita katika zege na nguzo, na kwao njia iliyobaki ni kuushusha mzigo kwa mikono hadi chini.